Mlio wa Kwanza

Chanika, 3 Machi 2025

Mwanangu Mudathir,

Salaam nyingi. Sie hatujambo, ila shangazi yako Lulu anachechemea. Aliangukiwa na tofali la wajenzi. Wewe je, huko Kurasini kwenye makontena? Unakula? Kunguru Romani, anayekuletea barua hii juu ya lori la mchanga, anasema umenenepa na unalala pamoja na paka. Nguchiro mzima, na paka!

Sasa sikiliza. Wajenzi wamefukia mashimo ya kundi la Mbwana, nalo limebaki na karavati la chini ya barabara tu. Mbwana na wenzake sasa wanakitaka kichuguu chetu. Tutapigana Jumamosi, tarehe 22. Desturi unaijua: nguchiro hang'ati vitani mpaka mrithi atoe mlio wa kwanza. Mrithi ni wewe. Usipokuja nitamkabidhi mlio mdogo wako Talha, na Talha ana miezi minne. Atasimama mbele ya meno ya watu wazima.

Rudi.

Mama yako,
Hamisa


Kurasini, 9 Machi

Mama, shikamoo.

Mie mzima, nawe natumai u mzima. Mpe pole shangazi. Paka anaitwa Sebastian, na ana adabu kuliko ndugu zetu wengi. Tunakula makombo ya mama lishe, yeye kule, mie huku, na hakuna anayemtolea mwenzake jicho.

Mama, sipigani. Nilikimbia nyumbani siku uliponifundisha kung'ata shingo, unajua hivyo. Kichuguu kina milango kumi na miwili, sie tunatumia mitano. Hiyo saba ni ya nani?

Ila Talha simwachi afe kwa ajili yangu. Nitakuja na lori la tarehe 20. Nitapitia kwanza kwa Mbwana, tuzungumze.

Mwanao,
Mudathir


Chanika, 14 Machi

Mwanangu,

Habari za afya nitauliza siku nyingine. Usiende kwa Mbwana!

Unajua sie mama wote tunazaa siku moja, na hakuna anayeuliza yupi wa nani. Hatari ikija kila mmoja anabeba aliye mbele yake, anakimbia. Vita vya mwaka juzi niliingia shimoni kwa kina Mbwana, maji yakajaa, nikabeba mtoto aliyekuwa mbele yangu. Nilipofika nyumbani nikahesabu. Alizidi mmoja.

Nilikulamba siku tatu mpaka harufu yao ikaisha. Mbwana alizunguka kichuguu siku saba akimwita mtoto wake wa kwanza. Nilimsikia, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshakupenda.

Akikunusa shingo atajua. Nisamehe.

Mama yako


Karavati, 21 Machi

Mama, shikamoo.

Romani alinipa barua yako nimeshashuka kwenye lori. Niliisoma mlangoni kwa Mbwana, nikaingia.

Alininusa, akakaa chini. Halafu akauliza kama nililelewa vizuri. Nikasema ndiyo.

Nina hasira na wewe, Mama. Nakupenda pia, na hilo linaniudhi zaidi.

Mbwana harudi nyuma. Watoto wake wanalala majini. Lakini kwa kuwa mie ni mzaliwa wake wa kwanza, amenikabidhi mlio mbele ya kundi lake. Kwa hiyo kesho mlio wa kwanza ni wangu pande zote mbili, na sitautoa. Wao hawajui nia yangu. Wakijua huenda wakanirarua. Nawe ukimkabidhi Talha, sitaweza kumzuia yeyote.

Mwanao, bado,
Mudathir


Kichuguuni, 22 Machi

Mwanangu,

Naandika nikiwa hatua ishirini tu kutoka ulipo, kwa sababu nikipaza sauti kundi litadhani nimeamrisha.

Umesimama katikati tangu asubuhi, kimya. Mbwana amekufokea mara mbili. Talha akanivuta: "Mama, nilie mie?" Kundi zima likanigeukia. Nikamwambia mrithi yupo, na mrithi hajasema.

Halafu kumbikumbi wakaanza kutoka. Lulu, na mguu wake mbovu, akawa wa kwanza kuacha mstari akale. Kitoto cha karavati kikamfuata. Nilidhani huo ndio utakuwa mwisho wetu. Lulu akakisogezea kumbikumbi wachache.

Mbwana simpendi, na sidhani kama atanisamehe miaka miwili niliyomnyima wewe. Ile milango saba waichukue. Nitamwambia mwenyewe.

Keti sasa, mwanangu. Umesimama sana. Njoo ule kabla Lulu hajawamaliza kumbikumbi.

Mama yako