Breki za Dubow

Castle Vale,
Birmingham.
8 Februari 2025.

Mpendwa shemeji yangu Dayib,

Asalaam aleikum. Habari za Nakuru, na goti lako laendeleaje? Tulisikia unakwenda msikitini bila fimbo siku hizi, tukamshukuru Mungu. Na Mama Dalmar, presha yake imeshuka? Mwambie aache chumvi, ingawa najua hasikii. Sisi huku tunapumua. Mimi sijambo, Iqra hajambo ila kikohozi cha baridi hii isiyo na haya. Ndugu yako Dubow ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Usishangae kuona karatasi. Dubow husikiliza kila ujumbe unaoingia kwenye simu yangu, na haya sitaki ayasikie. Jirani yetu Fosia anasafiri kuja huko kwa harusi ya mdogo wake, nimempa bahasha akufikishie mkononi.

Kwanza nijibu swali lako, usije ukasema tumekudharau. Uliuliza mwanao Dalmar aweke pedi gani za breki kwenye gari lake la spoti, maana Jumatatu analiendea kazini na Jumamosi analikimbiza kwenye uwanja wa mbio. Miaka thelathini nimeishi na fundi wa breki, shemeji, jibu ninalo. Hakuna pedi moja inayofaa kote kuwili. Za barabarani hushika hata zikiwa baridi, hazipigi kelele wala hazili diski, lakini uwanjani zikishapata moto zinalegea, mtu anakanyaga na gari haliitikii. Za mbio ni kinyume. Zile zinataka moto kwanza ndipo zishike, na barabarani asubuhi ya baridi ni hatari tupu. Ziko za katikati, wauzaji watamsifia sana, ila Dubow husema hizo ni za mtu asiyekimbia kwa kweli. Basi Dalmar awe na seti mbili. Abadilishe akifika uwanjani, abadilishe tena kabla ya kurudi nyumbani, na mafuta ya breki yawe mapya. Asifanye uvivu.

Ndivyo ndugu yako alivyofanya siku zote na ile Subaru yake ya buluu. Mvua inyeshe, baridi iume, hatoki uwanjani mpaka ajilaze chini atoe pedi za mbio na kurudisha za barabarani. Wenzake walimcheka. Mimi nilimgombeza kwa ajili ya nguo.

Sasa nikwambie kwa nini hakukujibu mwenyewe. Aliusikiliza ujumbe wako, akafurahi, akaanza kukurekodia jibu. Alipofika katikati akasahau alichokuwa akieleza. Akaanza upya, akakwama palepale. Kisha akaniangalia akaniuliza, "Saido, huyu Dalmar ni nani?" Mtoto aliyemwadhinia sikioni yeye mwenyewe! Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji, nikalia.

Na si hilo tu. Mwezi jana, asubuhi yenye barafu barabarani, alikuwa anampeleka Iqra chuoni kwa Subaru hiyohiyo. Wakafika kwenye kivuko cha watu wa miguu, akakanyaga breki, gari likavuta upande mmoja na kuendelea kwenda. Kulikuwa na mama anavuka, anasukuma kigari cha mtoto. Iqra anasema aliiona kofia ya yule mtoto, ya manjano, ikipita mbele ya kioo. Walikoswakoswa, wallahi. Yule mama alikaa chini palepale, na Dubow akashuka akamtukana kwa Kiswahili. Dubow wetu, ambaye hata paka hamfokei.

Kewal ndiye aliyelifungua gari. Unamkumbuka, yule Singasinga wa Kisumu mwenye gereji kule Newtown, alikofanya kazi Dubow tangu tuhamie. Alikuja nyumbani wakati Dubow yuko msikitini, akavua miwani, akaniambia, "Mama Iqra, gurudumu la mbele la kulia lina pedi za barabarani, la kushoto lina za mbio. Amezifunga mwenyewe." Shemeji, kwa kosa hilo Dubow angemfukuza fundi yeyote siku hiyohiyo. Hata chai yangu Kewal hakuigusa.

Daktari naye ameshasema. Ni maradhi ya kusahau, yale yanayokula akili kidogo kidogo, na mtu mwenyewe hata miaka sitini hajafikisha. Akasema asishike usukani tena. Dubow aliitikia vizuri kabisa, tulipotoka nje akachomoa ufunguo mfukoni. Nikauficha. Aliutafuta mchana kutwa, akamwita Iqra mwizi, mwishowe akakaa kwenye ngazi akaniuliza amenikosea nini. Nikamrudishia. Nigombeze ukitaka, lakini hukumwona alivyokaa. Kwa sasa Kewal amechomoa waya wa betri, na kila asubuhi Dubow anafungua boneti na kuchungulia. Mikono yake haijasahau kama kichwa, iko siku atauona ule waya.

Maji yamenifika shingoni. Ninakuomba wewe kaka yake mkubwa, kwa sababu mimi hanisikii tena. Lakini usimwamuru aache kuendesha. Atakutii, namjua, ila atajua sote tumemkatia tamaa. Muombe gari. Mpigie, umwambie unalitaka kwa ajili ya Dalmar. Toka lini amekunyima kitu? Shati la mwilini alikupa. Atalitoa kwa moyo mweupe, na atajiona bado ana cha kumpa mtu. Najua utasema gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingizwa Kenya. Zamani yeye mwenyewe angekucheka kwa kuliomba. Sasa hatakumbuka. Kewal atakuja kulichukua kana kwamba analipeleka bandarini, na atalitafutia mnunuzi mbali na hapa. Mungu atusamehe uongo huu.

Nisalimie Mama Dalmar, Dalmar, na shangazi Madina ambaye dua zake nazitegemea. Iqra anawasalimu. Anazungumza Kiingereza tu siku hizi, lakini juzi nimemsikia anamsomea babake sura ya Yasin mlango ukiwa umefungwa.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, shemeji, maana nguvu utazihitaji. Dubow atakupigia kukuuliza kama gari limefika. Mwambie limefika. Kesho yake atakuuliza tena, na kesho kutwa tena. Kila atakapouliza mwambie limefika, na ulifurahie kama ndiyo kwanza unaliona.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Saido