Korosho Nilizotia Kwenye Tambi

Diani, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nakuuliza hali yako, na magoti yako, na kama mvua imeshawafikia huko Faza. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Juzi kwenye simu nilikwambia mambo ni shwari, ukaniuliza mbona sauti imekauka. Nilikuficha, mama. Leo nakueleza.

Mwalimu Muthoni, huyu mtu wa bara ninayemfanyia kazi na kulala kwake, alitembelewa na mama yake mzazi. Bibi huyo hakuwahi kufika pwani. Tumbo lake halitaki pilipili wala nazi, basi Mwalimu akaniagiza nimpikie tambi za kizungu, zisizo na sukari: nyanya, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, na mrehani juu. Ndiyo, mrehani ule ule tunaojifukiza na kutia nyweleni. Huku wanaula!

"Usiongeze kitu kingine," aliniambia.

Lakini nyanya zilikuwa na maji mengi, mchuzi ukakataa kushika. Nikatwanga konzi moja ya korosho nilizonunua kwa mwanamke anayezikaanga njia ya Msambweni, nikazitia. Mchuzi ukawa mzito, nami nikajisifu moyoni.

Bibi alikula nusu sahani, akacheka, akasema ni tamu. Kisha akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba. Pumzi ikawa inatoka kwa mluzi.

"Mwanaisha, umeweka nini kwa hii chakula?" Mwalimu akapiga kelele.

"Hakuna, Mwalimu. Vile ulivyoniambia tu."

Wallahi mama, ulimi ulinitangulia. Niliona kazi inanitoka, nikaogopa.

Tukambeba hadi kwenye tuktuk. Kichwa chake nilikilaza pajani mwangu. Hawezi kunena, ananitazama tu, na mkono wake umenibana vidole. Njia nzima nilitaka kusema, na njia nzima nikanyamaza.

Kwenye zahanati daktari akauliza, "Amekula nini? Nitajieni kila kitu." Mwalimu akahesabu: tambi, nyanya, saumu, zeituni, mrehani. Alipomaliza, nikasema, "Na korosho. Nilizitia mimi."

Mwalimu alinigeukia. Daktari akauliza kama mgonjwa amewahi kula korosho, hakuna aliyejua. Akamdunga sindano ya paja upesi. Tukakaa benchi moja, Mwalimu anaomba kwa lugha yao, mimi nasoma kila dua niijuayo, hatutazamani. Sijui tulikaa muda gani hadi mluzi ule ulipokatika na bibi akaomba maji. Nililia mbele za watu, mama.

Tulipotoka nje Mwalimu akaniambia taratibu, "Hiyo ya korosho naelewa, hukujua zitamdhuru. Lakini nilikuuliza, na mama akikosa pumzi, ukanidanganya."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sijui kama naweza."

Siku tatu amepika mwenyewe. Mimi nafua, nafagia, naitikia nikiitwa. Bibi ndiye anayenisemesha. Kila asubuhi nilikuwa nangoja aniambie nirudi kwetu.

Leo alivaa nguo za kanisani. Nikadhani atamwita jirani aje akae na mama yake, maana bibi bado hana nguvu. Akasimama mlangoni, akasema, "Mpikie uji. Nitarudi saa saba." Akaenda zake, nyumba nzima ameniachia mimi na bibi.

Nisalimie dada Amina na kofia zake anazoshona, ami Shee fundi wa mashua, na shangazi anayekuchotea maji. Usiwaambie yote haya. Wewe niombee tu.

Bibi ameamka, ananiita. Nakwenda kumpa uji wake.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha