Gauni Nililofumua Siku Tatu

Embu Mjini,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima, ila macho yamechoka na kidole gumba kimeota sugu. Wewe na mgongo wako mnaelewanaje siku hizi? Na baridi ya huko nyumbani Kiirua, imewahurumia au imeunguza viazi tena?

Mama, wiki hii imenimaliza. Jumatatu alikuja mzee mmoja kutoka Gachoka na binti yake, Wanja. Walileta gauni la kanisani la mke wa mzee, waliyemzika mwaka jana. Wanja amemaliza chuo cha ualimu na anataka kulivaa siku ya mahafali, lakini yeye ni mwembamba na linampwaya mabegani na kifuani, kwa hivyo lazima lifumuliwe lote.

"Fundi," mzee akaniambia, "kitambaa hiki hakipatikani tena. Nakuomba, polepole."

Mama Wawira, mwenye duka ninapofanya kazi, akanisukumia wembe. "Fanya haraka, kuna yunifomu zinangoja." Lakini mwezi uliopita wembe ulinitoka nikapasua sketi ya mteja, na mpaka leo naona aibu. Nikaomba ruhusa nikanunue ripa, kile kidude cha kufumulia mshono.

"Nenda. Lakini yunifomu hazitajishona," akasema.

Kwenye duka la vifaa vya ushonaji nilionyeshwa kwanza ripa fupi yenye mpini kama njiti, inateleza kwa vidole. Nikaikataa. Nikachukua yenye mpini wa kujaa kiganja, jino moja kali, lingine lina kishanga chekundu ili lisitoboe kitambaa. Unapitisha jino kali chini ya uzi, unakata mshono mmoja, unaruka mitatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha unageuza upande wa pili na kuuvuta uzi taratibu. Ukikataa kutoka, usishindane nao, kata tena.

Siku tatu, Mama. Asubuhi kabla ya wateja nafumua, mchana kutwa nashona yunifomu. Shingo ilikuwa kama mti.

Kiunoni nikakuta mistari mitatu ya matundu ya sindano. Alhamisi walipokuja kupima, nikamwonyesha mzee. Akagusa mstari wa nje. "Hapa alilipanua akiwa na mimba ya huyu." Akagusa wa katikati. "Hapa akalirudisha."

"Na huu wa ndani, baba?" Wanja akauliza.

Mzee akaupapasa kwa kidole. "Huo aliushona akiwa mgonjwa. Hakutaka watu wa kanisa waone amekonda."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa. Ulikuwa na mitihani."

Wanja akaketi kwenye benchi akalia, na hata Mama Wawira akasimamisha cherehani. Nilipompima baadaye, kiuno chake kilikuwa sawasawa na ule mstari wa ndani.

"Nishonee kwenye mstari wake huu," akasema. Nikamshonea kwenye huo huo.

Mama, kila barua unaniandikia kwamba uko sawa, nami sijakuona tangu Krismasi ya mwaka juzi. Gauni uliloniomba nikushonee sitalishona kwa vipimo ulivyoniandikia kwenye karatasi. Mwisho wa mwezi nakuja nikupime mwenyewe.

Nisalimie cucu, nyanya yangu mpendwa, na kaka yangu Mutwiri, na shangazi anayekusaidia kukama.

Aliyechoka lakini anayekupenda,
binti yako Kagendo.