Pumzi za Baba, na Zako

Keza,
Ngara.
9 Machi 2025

Mpendwa dada Agness,

Shikamoo. Hujambo huko Mtwara? Shemeji na mtoto hawajambo? Safari hii usinijibu "sisi wazima" kwa mazoea, siku hizi jibu hilo siliamini. Huku tunamshukuru Mungu, maharage yamekubali na Baba amerudi nyumbani.

Alilazwa, dada, na kwenye simu sikukueleza yote. Kila siku alisema ni uchovu tu. Hakuwa na homa, ila chakula alikiacha, kisha akaniita kwa jina la marehemu Mama. Nikampakia kwenye bodaboda, nikamshikilia kwa nyuma. Wifi Kalista akafuata na nyingine.

Pale idara ya dharura muuguzi alimtazama Baba kifuani huku akiangalia saa yake, kimya. Nikajua huyu anangoja zamu yake iishe. Akauliza umri, akauliza kama ana sukari, kisha akampitisha mbele ya kijana aliyeanguka na pikipiki, damu zinamtoka kichwani na kilio chake kinasikika jengo zima.

Watu wa kwenye benchi wakanitazama kama nimetoa kitu kidogo. Mimi nami nikamshuku Kalista. Akaapa kwa Bikira Maria. Basi nikahofia mzee anapelekwa kufanyiwa majaribio ya dawa. Nikamfuata muuguzi, nikamuuliza kwa ukali kwa nini huyu na si yule.

"Anayelia ana pumzi za kulia," akaniambia. "Mzee wako hamalizi sentensi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawajamaliza kumwekea mpira wa oksijeni, Baba akazimia. Ilikuwa nimonia; kumbe ile saa muuguzi alikuwa anahesabia pumzi zake. Tungebaki kwenye foleni tungerudi na maiti. Yule kijana alishonwa, akaondoka kwa miguu yake.

Tangu hapo nawashuku wote. Hata kanisani natazama vifua vya watu. Padri anapumua vizuri.

Wewe je? Jumapili iliyopita kwenye simu ulikuwa unakata maneno katikati. Ukasema umetoka kupanda ngazi. Dada, nyumba yako haina ngazi. Nilipokubana ukasema ni uchovu tu, ukakata simu. Na sukari ya Baba umeirithi wewe. Naogopa, ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata.

Baba anakusalimu, anasema amepona kabisa. Simwamini. Nisalimie shemeji Anatoli na mwanao Suzana. Mungu akufunike kwa mkono wake.

Barua hii wasomee kwa sauti. Ukishindwa kumaliza mstari bila kutua, Anatoli akupeleke hospitali leo, si kesho.

Wako akupendaye na asiyekuamini,
Benedicta