Kwa Nini Sikumpa Tshilombo Mkono

Manika, Kolwezi
Tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Henri, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Tshibola na watoto wote huko Kalemie. Je, homa ya René imeisha? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku tuko wazima. Vumbi la malori linatukohoza kama kila Septemba, na mvua bado inatuchezea. Mama anakula vizuri na anagombana na majirani vizuri, kwa hiyo ujue afya ipo.

Barua yako niliipata Jumatano. Umenigombeza kwamba kwenye matanga ya Tata Kitenge nilimpita Tshilombo akiwa amenyoosha mkono mbele ya watu. Unasema ni mtoto wa ukoo, na kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyemwombea kazi kliniki kwetu. Ni kweli nilimpita, na ningempita tena. Naona watu wa nyumbani walikuandikia tu kwamba mdogo wako Tina alijifungua salama, wakaishia hapo. Ngoja nikueleze walichokificha.

Unajua kazi yangu kwa Daktari Domitille: natunza kompyuta kubwa iliyobeba faili za wagonjwa, vipimo vya maabara na orodha ya watu wanaojitolea damu. Inatumia mfumo unaoitwa Linux. Programu zake hatuziokoti njiani. Zinatoka kwenye depo, kama dawa zinavyotoka depo ya dawa. Depo rasmi ina muhuri wake, na mashine inaukagua muhuri huo kwa ufunguo ilio nao kabla ya kupokea chochote.

Tshilombo alifika Mei na diploma yake ndani ya fremu. Fremu, Yaya! Siku ya kwanza aliomba msumari kabla ya kuomba kiti.

Wiki ya pili akaamua programu ya maabara imezeeka. Akatafuta mpya kwenye Internet, akaipata kwenye depo ya mtu asiyemjua, katika ukurasa ambao hata aliyeuandika hakutia jina. Mashine ikamwonya kwamba muhuri wa depo ile haiutambui. Mwenye akili angesimama hapo. Yeye akaandika neno moja la kuiamuru mashine iamini tu, isiulize tena.

Nilimkuta anamaliza. Nikamwambia aende kwanza kwa mwenye depo, achukue ufunguo kwake mwenyewe, alinganishe alama zake arobaini moja baada ya nyingine, na ufunguo huo autumie kwa depo ile peke yake. Tena aizuie depo isilete kitu kingine zaidi ya programu ile moja.

Akacheka. "Mama Mignonne, we unaogopaka kila kitu! Linux haishikake virusi. Mashine ilikuwa inalalamika tu, nimeinyamazisha."

Alisema "nimeinyamazisha" kama mtu aliyetengeneza kitu.

Akaenda mbele zaidi. Tata Mwenze, mzee wetu wa maabara, aliyeanza kupima damu kabla Tshilombo hajaota meno, aliambiwa atupe daftari zake. "Ni bitu bya zamani, tata. Sasa yote iko mu ordinateur," akasema akiigonga kompyuta. Daktari akakubali, kwa sababu alikuwa ameiona fremu.

Na mimi nikanyamaza. Ningeweza kuifuta depo ile siku hiyohiyo, maana uwezo ninao. Sikuifuta kwa sababu Tshilombo alikuwa mtu wako na sikutaka maneno ya ukoo. Usidhani basi dharau yangu yote ni kwake. Fungu langu mwenyewe nimejiwekea.

Alhamisi moja asubuhi, mwezi wa Julai, wakamleta Tina. Mtoto akatoka vizuri, msichana, analia kwa nguvu. Damu ya mama ndiyo haikukatika. Mkunga akatoka anakimbia, mikono imelowa. Damu ya Tina ni O négatif, unajua ilivyo adimu, na friji yetu haikuwa na hata mfuko mmoja. Ilibidi kumwita mtu anayejitolea, na majina yote yalikuwa ndani ya mashine.

Mashine haikufunguka. Programu ya maabara ilikataa kabisa, na kabatini kompyuta ilikuwa inawaka moto kama pasi. Nikaangalia kinachoendeshwa ndani: kitu kimoja, jina ambalo sijawahi kuliona, kilikuwa kimekamata nguvu yote. Tshilombo alisimama nyuma yangu akirudia, "Tu-redémarre, mama, tu-redémarre." Tuliizima tukaiwasha. Kitu kile kikarudi kabla hata saa haijaonekana kwenye skrini.

Aliyemwokoa mdogo wako ni Tata Mwenze, kwa kichwa chake. Alifunga macho, akasema, "Mi najua mutu moja wa ile damu. Muteba, fundi wa umeme ku Nzilo." Simu ikaingia mara ya tatu. Muteba hakuuliza ni nani mgonjwa. Alisema tu, "Musimuache, mi nakuya." Akaja juu ya pikipiki, kofia ya kazi bado kichwani. Mwenze akampima upya, akamlaza kando, akamtoa damu. Ilipoingia damu ile, midomo ya Tina ilikuwa imekwisha kuwa rangi ya majivu. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wake. Ulikuwa baridi, Yaya.

Alipotulia ndipo nikarudi kwenye mashine, nikachomoa waya wa Internet na kusoma kumbukumbu. Mwenye depo ile alikuwa ameiacha zamani. Mtu mwingine akachukua jina lake la Internet, akaweka humo vitu vyake na kuvipa namba za toleo kubwa kuliko za depo rasmi. Mashine yetu, iliyoamriwa kuamini, ikavibeba vyote. Tangu usiku uliotangulia ilikuwa inachimba pesa za Internet, zile za aina ya bitcoin, kwa mtu tusiyemjua. Hapa Kolwezi, mji wa migodi, tulidhani tunawajua wachimbaji wote!

Tshilombo alimweleza Daktari nini? "Ni ba-hacker ba inje. Hata Amerika banapigwaka." Nikaigeuza skrini, nikamwonyesha Daktari mstari wenyewe, tarehe, saa na jina la aliyeuandika. Tshilombo akaanza kuangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Mashine niliifuta yote, nikaijenga upya kutoka depo rasmi, nikarudisha faili za nakala iliyotangulia uchafu ule na kubadilisha kila neno la siri. Kazi ya siku tatu. Daftari jipya la Mwenze liko mezani.

Daktari aliniomba, "Mignonne, umuachilie, ni ndugu yenu." Sikuomba afukuzwe. Niliomba depo yoyote ya nje isiingie mpaka anayeitaka asome alama arobaini za ufunguo kwa sauti, mbele yangu na Mwenze. Wiki jana Tshilombo alihitaji moja kwa ajili ya mashine ya picha. Alisoma amesimama, jasho linamtoka, akachanganya B na 8. Mwenze akamwambia, "Anza tena, tata." Akaanza tena.

Lakini siyo hilo linalonichoma. Tangu Julai Tina yuko nyumbani na mtoto, na Tshilombo hajakanyaga pale, hata kusema pole. Kutoka kliniki ni dakika kumi kwa miguu.

Nisalimie shemeji Tshibola, René, na Tantine Tshala. Mama anawatumia baraka zake. Bwana awalinde mkiingia na mkitoka, na nyumba yenu isikose sauti ya watoto.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ulipomsifu asiyestahili,

Mignonne Kapinga