Dishi la Umbo la Karai

Nairobi, 12 Desemba 1997

Ami Jatani, salaam aleikum. Mimi mzima, ila mvumo ule wa redio ya zahanati haujanitoka masikioni: shhh, shhh, nesi Mwanaarusi akiita Malindi siku mbili watume mashua kwa kuwa mafuriko yamefunga barabara, na binti yako Amina akilia uchungu chumba cha pili. Hakuna aliyejibu. Mtoto tukamzika. Amina anakula?

Kabla sijaondoka nilipanda nguzo nikalipima dishi la redio ile kwa uzi. Kamati yako ya zahanati imelitengeneza kwa mkunjo wa duara, kama karai. Mawimbi yakigonga umbo hilo hutawanyika. Mwezi wa tano nilikutumia mchoro wa mkunjo unaozidi kufunguka kuelekea ukingoni, ili kila wimbi liishie nukta moja, pale penye antena. Ulikwenda wapi?

Mwanao, Bishara

Garsen, 20 Januari 1998

Mwanangu Bishara, aleikum salaam. Hatujambo. Maji yamepungua, ng'ombe waliobaki wanakula. Amina naye, kidogo.

Mchoro ninao. Kamati ilicheka: msichana amfundishe fundi wa Tarasaa kukunja chuma? Ya mtoto ni ya Mungu, usiyachimbue. Tarehe 12 Februari nakutana Malindi na wafadhili waliolipia dishi. Wewe msomi tuandikie kwamba mafuriko ndiyo yaliyolipinda dishi. Watatupa fedha za lingine.

Ami yako, Jatani

Garsen, 10 Februari 1998

Ami, salaam aleikum. Sote wazima. Godana, anayesafiri kesho, atakukabidhi hii huko Malindi.

Barua uliyoitaka sikuiandika. Nimekuja mwenyewe. Tarasaa nilimkuta fundi Dzombo, akaniambia, "Dada, mimi nilitaka kuufuata mchoro. Mzee Jatani akasema, tengeneza karai, hayo ya chuo yaache." Na mafuriko yangelipindaje, Ami? Liko juu ya nguzo.

Jana tulilishusha. Nilichora mkunjo mchangani kwa uzi na vigingi. Amina na wenzake, waliojenga nyumba za fito maisha yao yote, wakakunja fito mpaka zikalala juu ya mstari. Tukavika wavu uleule wa waya, tukalirudisha juu ya nguzo. "Kumbe ni nyumba iliyolala chali," Amina akasema. Sikuwa nimemsikia akitania tangu msiba.

Leo asubuhi Malindi wamejibu. Nikamwomba karani wa redio wa huko awapelekee wafadhili maneno yangu: dishi lilitengenezwa vibaya, mchoro sahihi ulikuwepo, na mtoto alikufa. Wameshasomewa. Nimetaja jina langu, na lako.

Mwanao, Bishara