Gari la Manjano la Baba na Safari Yangu ya Perth

Moonta,
Australia Kusini.
14 Januari 2018.

Mpendwa kaka yangu Perran,

Hujambo huko Calgary? Ingrid na watoto hawajambo? Nasikia theluji imewafungia ndani; hapa joto limefika nyuzi arobaini na mbili, na bati la gereji linalia mchana kutwa. Mimi ni mzima, ila mbavu zinauma nikicheka, na sijapata cha kunichekesha. Baba anaendelea vizuri. Nasema anaendelea kwa sababu yuko hospitali, mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili. Usishtuke, nakueleza yote.

Unalikumbuka gari la manjano, lile la michezo alilonunua na marehemu Mama. Mwaka juzi alilifunga turbo, nguvu ya injini ikakaribia kuwa mara mbili. Nilimwonya kwamba kila kinachopeleka nguvu hiyo kwenye magurudumu lazima kiimarishwe nacho. Hakunisikia. Klachi ikaanza kuteleza, nikafunga nyingine nzito. Klachi iliposhika, meno ya giaboksi yakakatika. Nikaijenga giaboksi upya, ekseli ikajipinda. Kila nilipoimarisha kimoja, kinachofuata kilivunjika.

Na nilikuwa nimemwahidi kwamba siondoki mpaka kazi ya gari iishe. Ile kazi ya Perth, ya kujenga giaboksi za magari ya mashindano, wameniahirishia mara mbili. Miezi yote hiyo nimelala chali chini ya gari lile lile, nikiangalia chuma kile kile. Ikabaki propela tu, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu ya magurudumu ya nyuma. Baba alisema ile nene aliyoagiza tangu Oktoba haijafika.

Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe sita asubuhi, Baba akataka tukalijaribu gari kwenye barabara ya mashamba, kwa mzee Uhlmann.

"Kwa propela hiyo ya zamani?" nikamuuliza.

"Taratibu tu, Tamsin. Siku hizi umekuwa mwoga kuliko kondoo!"

Taratibu yenyewe ilidumu kilomita mbili. Alipokanyaga mafuta, propela ilikatika mbele, ikapasua sakafu, ikampiga mguu, gari likaingia mtaroni. Mlango wangu ulibanwa na udongo, wake na nguzo ya uzio. Nikazima injini. Petroli ilikuwa inanuka. Simu yangu ilikuwa imerukia nje.

Tulikaa humo dakika arobaini. Baba hakupiga kelele hata kidogo. Alikuwa anaangalia kioo kilichopasuka, kisha akasema, "Propela mpya ilifika zamani. Ipo nyuma ya mapipa ya oili."

"Unasema nini?"

"Ungeifunga, ungemaliza. Ungemaliza, ungeondoka. Nyumba ile siiwezi peke yangu, mwanangu."

Nilitaka kumzaba kofi, kaka. Mbavu zilichoma, sikuweza kuinua mkono. Nikalia, naye akalia.

Mzee Uhlmann ndiye aliyetutoa, kwa trekta na mtaimbo, huku akimfokea Baba: "Denzil! Mtu mzima na mvi zako, unashindana na nani huku?"

Propela nimeiona. Haijatolewa hata kwenye karatasi yake. Sasa nampelekea Baba chakula, narudi gereji, nafunga mlango nakaa. Daktari anasema hatakanyaga chini wiki nane. Perth wananingoja mpaka tarehe moja Machi, basi. Kumwacha siwezi, na kubaki siwezi tena.

Jana nilimwambia waziwazi kwamba naondoka Februari ishirini na tano. Akauliza, "Na Perran je?"

Ndiyo maana nakuandikia. Miaka kumi na moja sijakuomba kitu. Njoo ukae naye hata mpaka Pasaka. Usiniandikie kwamba utafikiria, kaka. Niandikie tarehe ya ndege.

Shangazi Verna anakusalimu, na mzee Uhlmann pia. Nibusie Elowen na Kit. Mungu awalinde nyumbani na njiani.

Mimi dada yako, nakupenda na nakusubiri,
Tamsin.